Kuna mtu baada yako: barua kwa mwanangu anayesomea dizaini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na kwa urefu wake na manung'uniko yaliyomo ilibidi niusome nimekaa. Unasema ulijiunga na chuo kusomea picha na dizaini ukitegemea kukuta kompyuta kubwa na kamera za maana, kumbe mwalimu amewagawia penseli, mkasi na karatasi ya miraba, na amewapiga marufuku kugusa skrini mpaka atakaposema. Unasema mnapotezewa muda. Halafu, kama vile jambo dogo, unataja mwishoni kwamba kazi yako ya kwanza imerudishwa bila maksi, pembeni pameandikwa swali moja tu: "Hii ni ya nani?"

Swali hilo ndilo limenifanya nikae niandike badala ya kukupigia simu. Wewe unajua nimekuwa kwenye mashine za uchapaji tangu hujazaliwa. Dizaini nimeijulia kwa mlango wa nyuma: dizaina akishamaliza, akishapongezwa, akishalala zake, faili lake linakuja kwangu. Kuchora siwezi kukufundisha, ila naweza kukueleza kazi yako inaonekanaje kwa mtu anayeipokea.

Nianze na hiyo penseli unayoidharau. Alama za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984 zilichorwa na Susan Kare, naye alianza kwa kujaza miraba kwenye karatasi kama hiyo yako. Kila alama ilikuwa na miraba 32 kwenda chini na 32 kwenda kulia, jumla 1,024, na kila mraba ulikuwa ama mweusi ama mweupe. Hakuna kijivu, hakuna rangi. Ndani ya kieneo hicho ilibidi mtu ambaye hajawahi kuketi mbele ya kompyuta atambue pipa la kutupia faili, na akiiwasha aone kwamba mashine ni nzima, ndiyo maana ikachorwa kompyuta ndogo inayotabasamu. Jaribu wewe. Chora mkasi kwa miraba hiyo. Utakuta ukisogeza mraba mmoja tu ule mkasi umegeuka miwani, na itabidi ujiulize ni kitu gani hasa kinachoufanya mkasi uwe mkasi. Programu isingekuuliza. Ingekupa mistari laini kabla hujajua unachora nini.

Tena kompyuta inapendezesha mapema mno. Wazo la dakika tano likiwa kwenye skrini tayari limenyooka, limepakwa rangi, linafanana na kitu kilichokamilika, na mtu anaona huruma kulitupa. Mchoro wa penseli hauna huruma hiyo. Unachora ishirini, unatupa kumi na tisa, na chai haijapoa. Wala usiuchukulie neno kwa neno ninaposema kutupa, maana daftari lenyewe lisichanwe hata ukurasa. Vyuo kama hicho chako havipimi bango la mwisho peke yake, vinataka kuona ulivyofika pale: ulichoangalia, ulichojaribu, kilichokataa, na kwa nini ulikiacha. Chini ya kila jaribio andika tarehe na sentensi moja ya ukweli. "Nimeacha hii kwa sababu jina halisomeki kutoka mlangoni" inatosha. Mwanafunzi anayeleta bango zuri lisilo na nyayo nyuma yake anampa mwalimu kazi ya kubahatisha, na mwalimu akibahatisha huwa habahatishi kwa faida yako.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe.

Mwaka 1931 Harry Beck, mchoraji wa michoro ya kiufundi aliyewahi kufanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi za London, alichora ramani mpya ya njia zake. Ramani za kabla yake zilijitahidi kufuata ardhi ilivyo, kwa hiyo vituo vya katikati ya jiji vilibanana hadi majina yakapandana, na vya pembezoni vikatawanyika kwenye uwazi mtupu. Beck aliwaza tofauti. Abiria aliye chini ya ardhi haoni mto, haoni kona, wala hahitaji kujua kituo kinachofuata kiko umbali gani. Anachotaka ni kujua apande njia ipi na abadilishe wapi. Basi akanyoosha kila kitu: mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari wa nyuzi 45, akaipanua katikati na kuibana pembezoni. Wakubwa waliikataa kwanza. Ilipochapishwa mwaka 1933 watu waliipenda, na mtindo wake umeigwa na miji mingi duniani. Mpima ardhi angeiita ya uongo, lakini Beck hakumchorea mpima ardhi.

Mwingine ni Margaret Calvert, na huyu namtaja makusudi kwa sababu alianzia pale ulipo wewe. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa, mwalimu wake Jock Kinneir akamwomba amsaidie kutengeneza alama za uwanja wa ndege wa Gatwick. Kutoka hapo wakapewa barabara kuu mpya za Uingereza, kisha barabara zote, na mfumo wao ukaanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1965. Msomaji wao alikuwa dereva aliye kwenye mwendo, mvua inanyesha, giza limeingia, na ana sekunde chache tu za kusoma. Kwa hiyo hawakuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu. Waliweka kubwa mwanzoni, ndogo zikafuata, na nafasi kati ya herufi na herufi wakaipima. Hata ukubwa wa kibao ulitokana na maneno yatakayokaa ndani yake. Sisi wengine tunafanya kinyume: fremu inakuja kwanza, maneno yanasukumiwa humo kama abiria wa basi la mwisho.

Kuna kibao kimoja cha Calvert nataka ukitafute ukitazame kwa utulivu, kile cha watoto wanaovuka barabara. Kile cha zamani kilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana, na Calvert aliona kinanuka shule za wenye nazo. Akageuza. Msichana ndiye mkubwa, ndiye anayemshika mkono mvulana mdogo, na picha ya msichana ilitokana na picha yake mwenyewe ya utotoni. Nani anamshika mkono nani, hilo nalo ni uamuzi wa dizaini. Usipouamua wewe, unarithi uamuzi wa aliyetangulia.

Sasa naja upande wangu, na hapa utanivumilia maana nitarefusha.

Skrini hutengeneza rangi kwa mwanga, nyekundu na kijani na bluu, na zote zikiwaka kabisa unaona nyeupe. Karatasi haiwaki. Sisi tunaweka wino wa saiani (samawati), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, na kila wino unaouongeza unapunguza mwanga unaorudi machoni. Ndiyo maana kile kijani kinachowaka kwenye simu yako kikija karatasini kinakuwa cha kawaida kabisa, na dizaina anasema mashine yangu ni mbovu. Bluu ndiyo inaliza watu zaidi. Ukijaza saiani na majenta kwa kiasi sawa unatarajia bluu nzito, lakini ikitoka kwenye mashine ni zambarau. Punguza majenta, acha pengo kubwa kati ya asilimia zao.

Halafu hiyo nyeusi. Ukipata nafasi omba lenzi ya kukuzia, ile ndogo tunayoiweka juu ya shiti, utazame maandishi madogo yaliyotengenezwa kwa wino zote nne. Kila wino una pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Karatasi inapopita inanyonya unyevu kidogo, inatanuka kidogo, na pleti moja ikipishana na nyingine kwa sehemu ya kumi tu ya milimita, kila herufi inaota ukungu: upande huu umeingia uwaridi, upande ule usamawati. Msomaji haoni hayo. Anachojua ni kwamba macho yamechoka, anafunga kijitabu. Maandishi madogo meusi yape wino mweusi peke yake, asilimia 100, basi. Na pale unapotaka weusi mzito kwenye eneo kubwa, jumlisha asilimia za wino zako. Zote nne zikijaa ni 400, na karatasi haiwezi kubeba mzigo huo. Kwenye karatasi ya kung'aa jumla ya kama 300 ndiyo mwisho wa kawaida, ila muulize mchapaji kwanza. Ukizidisha, wino haukauki. Shiti ya juu inaondoka na uso wa shiti ya chini yake mgongoni, na rundo zima linanata.

Ukingo nao. Gilotini hukata rundo kwa mkupuo mmoja, na hata blade ikiwa kali namna gani, shiti ya juu na ya chini hazikatwi mahali pamoja kabisa. Kama rangi yako imeishia hasa kwenye mstari wa kukatia, vipo vitabu vitakavyotoka na uzi mweupe pembeni. Ipitishe rangi milimita 3 nje ya mstari, kila upande. Maneno nayo yarudishe ndani, milimita 5 au zaidi, yasije yakakatwa mikia. Ni jambo dogo, najua mwalimu atalisema kwa sentensi moja na wewe utalisahau. Mimi ndiye ninayepiga simu usiku kuuliza kama niongeze ukubwa wa picha nzima ili kuziba pengo, na dizaina hapokei.

Kuhusu picha: ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Kwa kipimo cha kawaida cha uchapaji, nukta 300 kwa inchi, picha inayojaza ukurasa huo inahitaji pikseli kama 2,480 kwa 3,508. Picha uliyotumiwa kwa WhatsApp kwa kawaida imekwisha kubanwa njiani, pikseli nyingi zimebaki huko. Programu itakubali kuikuza bila kukugombeza. Aibu inakuja kwenye karatasi.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana saizi hizi za karatasi nazipenda kuliko inavyostahili. Wajerumani walizipanga rasmi mwaka 1922. A0 ina eneo la mita moja ya mraba, ukiikunja katikati unapata A1, ukikunja tena A2, na kila unapokunja umbo linabaki lile lile, kwa hiyo bango la A3 linapunguzwa kuwa A4 bila kupangwa upya. A4 ni sehemu moja ya 16 ya A0. Ukiambiwa karatasi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, gawanya kwa 16: shiti moja ya A4 ina gramu 5. Unaweza kupima uzito wa kijitabu chako kichwani kabla hakijachapwa. Nani asipende kitu kama hicho?

Narudi. Kwenye maandishi, kumbuka vitenzi vyetu ni virefu. Mifano ya kwenye masomo yenu mingi imepangwa kwa Kiingereza, vineno vifupi vifupi, na safu nyembamba inakaa vizuri. Weka Kiswahili kwenye safu hiyo hiyo na uinyooshe pande zote mbili: "hawakumsikiliza" moja inasukuma wenzake, katikati ya mstari panabaki mashimo meupe yanayoteremka ukurasani. Panua safu, au acha upande wa kulia usinyooke. Na kama programu inakata maneno mwisho wa mstari kwa kanuni za lugha nyingine, izime kabisa. Nimewahi kuona "ng'ombe" imekatwa mwisho wa mstari, ng' juu, ombe chini. Hakuna aliyekuwa ameisoma kabla ya kuituma.

Halafu kuna mtu mwenye macho dhaifu. Najua vijana mnapenda maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, mnasema yanatulia. Yanatulia kweli, hayamsumbui mtu kwa sababu hayasomeki. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote unataka utofauti wa mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma usipungue 4.5 kwa 1, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Vipo vifaa vya bure mtandaoni vya kupimia, tumia. Wapo pia, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo mchoro wako usitegemee rangi peke yake kusema hili ni zuri na lile ni baya. Geuza kazi nzima iwe nyeusi na nyeupe uitazame. Kama bado inaeleweka, rangi zako zinasaidia. Kama haieleweki, ulikuwa unazitegemea kupita kiasi.

Kamera na video si uwanja wangu, nitapita haraka. Ninachokumbuka kutoka kwa wenzangu wa video ni kwamba ukirekodi picha 25 kwa sekunde, muda wa shata (kile kipindi kamera inapoingiza mwanga kwa kila picha) uwe karibu na sehemu ya 50 ya sekunde, mwendo utaonekana wa kawaida machoni. Na kwamba mtazamaji huvumilia picha yenye giza, ila sauti mbovu inamfukuza. Haya mengine muulize anayejua.

Umeniuliza pia kama mnasoma bure, kwa kuwa siku hizi mtu anaiandikia kompyuta sentensi moja na inamtolea picha. Faili za namna hiyo zimeshaanza kunifikia. Picha inavutia, ina maandishi ndani yenye herufi ambazo hazipo kwenye alfabeti yoyote, pikseli hazitoshi hata nusu ya bango, na aliyeileta hawezi kubadilisha neno moja kwa sababu vyote vimegandana. Hayo ya kiufundi yatarekebishwa, sina shaka. Lakini niliwauliza walioleta: bango hili litatundikwa wapi, na nani atapita hapo? Hawakuwa na jibu, kwa sababu hawakuwahi kuulizwa. Wewe umeshaulizwa, mwezi wa kwanza tu wa masomo, tena ukanuna. Kama chuo kinaruhusu kutumia programu hizo, tumia na useme umetumia. Na picha ya kuokota mtandaoni ina mwenyewe, vivyo hivyo fonti. Soma leseni kabla ya kuipenda.

Siku ya kubandika kazi ukutani inakuja, ile ambayo darasa zima linasimama kuitazama kazi yako. Ushauri wangu ni mmoja: funga mdomo. Waache watazame. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Aliyeiona kwa mara ya kwanza anaona ulichoacha kukiona siku nyingi. Ukijikuta unataka kusema "hapa nilimaanisha...", usiseme, andika kwenye daftari. Hapo ndipo kazi imeshindwa kusema yenyewe, na kule itakakotundikwa hutakuwepo kuisemea. Wapo watakaosema tu "nzuri". Hao washukuru, ila usiwasikilize.

Mwisho, hicho kijitabu cha kurasa 18 ulichosema unakitengeneza. Kijitabu kinachobanwa kwa pini katikati hutengenezwa kwa shiti zilizokunjwa, kila shiti inatoa kurasa 4, kwa hiyo 18 haiwezekani. Ama ziwe 16, ama 20. Mimi ningepunguza. Huo ukurasa wa shukrani na ule wa picha ya darasa vinaweza kuondoka bila msomaji kugundua. Kama utaona lazima uongeze, basi uwe na kitu cha kuweka humo, usijaze mapambo. Na kurasa za katikati husukumwa nje kidogo kijitabu kikikunjwa, kwa hiyo namba za ukurasa za katikati zisogeze ndani kuliko za nje.

Ukishaamua, nitumie. Usinitumie faili bado; piga picha michoro ya penseli, yote, hata iliyokukera, na uniandikie jina la mtu mmoja unayemfahamu atakayekisoma.

Mama yako